UZI: Kununua na kuuza ving'amuzi vya dishi vilivyotumika, kuwaka hakutoshi

#1 MasafaMarefu (mleta uzi)

Wakuu salaam,

Uzi huu nimeukalia kwa muda. Kila mara naona mtu anatangaza king'amuzi cha dishi, "kiko safi, kinawaka, rimoti ipo", na anayejibu wa kwanza anauliza bei. Siku mbili baadaye mnunuzi anarudi kulalamika kwamba hakioneshi kitu. Ukifuatilia unakuta muuzaji hakusema uongo. Kinawaka kweli. Ila king'amuzi kinaweza kuwaka miaka kumi mingine bila kukuonesha hata chaneli moja.

Mimi mwenyewe yalinikuta. Nilinunua king'amuzi cha kulipia, kadi ikiwa ndani. Muuzaji alikiwasha mbele yangu, picha ya kuanzia ikatokea, menyu ikafunguka, nikatoa hela. Nilipokifunga kwenye dishi langu mawimbi yalikuja vizuri kabisa, lakini kila chaneli iliandika kuwa imefungwa. Nilipopiga simu kwa kampuni nikaambiwa mambo mawili: namba ya kifaa hicho iko kwenye akaunti ya mteja mwingine mwenye deni, na kifaa chenyewe ni mali ya kampuni, yule mteja alikodishiwa tu. Kwa hiyo nilikuwa nimemlipa mtu kwa kitu ambacho hakikuwa chake. Niliumia, na ndiyo sababu naandika haya kwa urefu.

Boksi moja lina vitu vitatu ndani yake, na kila kimoja kinaweza kukuangusha peke yake.

Cha kwanza ni tyuna, yaani sikio. Vifaa vya zamani vina tyuna ya DVB-S, mfumo wa miaka ya 1990. Mwaka 2005 ikapitishwa DVB-S2, ambayo kwenye upana uleule wa masafa inabeba takriban asilimia 30 zaidi ya mzigo, na matangazo mengi yamehamia huko. Tyuna ya DVB-S haiwezi kabisa kukamata masafa ya DVB-S2. Na hapa ndipo watu wanapotea njia: kwenye skrini mstari wa nguvu unapanda hadi juu, mstari wa ubora unabaki sifuri. Mtu anaenda kuzungusha dishi siku nzima. Mstari wa nguvu unakwambia tu kwamba kuna mawimbi yanayoingia kwenye kebo. Ubora ndio unaokwambia kama kifaa kimeyaelewa.

Cha pili ni dekoda, jicho. Tyuna ikishakamata, kuna picha iliyokunjwa inayotakiwa kukunjuliwa. Vifaa vya zamani vinajua MPEG-2 pekee. Vilivyofuata vinajua MPEG-4, yaani H.264, na hivyo ndivyo vinavyoonesha chaneli nyingi za HD. Vya karibuni vinajua HEVC, au H.265, iliyotoka mwaka 2013 na ndiyo inayobeba picha za 4K. Kifaa kisichojua lugha ya picha kitaorodhesha jina la chaneli vizuri, pengine hata sauti itasikika, na skrini itabaki nyeusi. Zingatieni hili: DVB-S2 na HD si kitu kimoja. Kuna boksi lenye tyuna ya DVB-S2 lakini dekoda yake ni ya picha za kawaida tu.

Msione haya kuwa mambo ya mafundi tu. Kwenye setilaiti za Astra zinazohudumia Ujerumani, matangazo ya analogi yalizimwa tarehe 30 Aprili 2012, na kila risiva ya analogi iliyokuwa sebuleni ikawa haina kazi tena siku ileile. Januari 2024 BBC ikafunga chaneli zake za picha za kawaida kwenye setilaiti ikabakiza HD. Januari 2025 ARD ya Ujerumani nayo ikafanya hivyohivyo. Boksi ambalo halikuharibika hata kidogo linaweza kupoteza thamani kwa sababu ya uamuzi uliofanywa mbali na wewe. Anayeuza bei ya kutupa pengine anajua kitu usichokijua.

Cha tatu ni kufuli. Chaneli za kulipia zimefungwa kwa mifumo kama Conax, Irdeto, Viaccess, Nagravision au VideoGuard, na kila kampuni huchagua wake. King'amuzi cha mfumo mmoja hakifungui wa mwingine hata ukichomeka kadi inayoingia vizuri. Zaidi ya hapo, kampuni nyingi zinafunga ndoa kati ya kadi na boksi: kadi hii inafanya kazi kwenye namba hii tu. Na vingine havina kadi kabisa, kufuli imejengwa kwenye chipu. Kwa hiyo kabla ya bei, uliza kifaa kinafunguliwa na nini na namba yake iko kwa jina la nani. Muuzaji asipojua, mpigieni simu kampuni pamoja, hapohapo mlipo, kabla hela haijatoka mkononi.

Kama unataka za bure tu, tafuta risiva ya wazi isiyofungwa na kampuni yoyote. Usinunue king'amuzi cha kampuni kwa matumaini kwamba kitashika za bure. Baadhi vinashika, baadhi havikubali hata kutafuta chaneli nje ya orodha ya kampuni yao.

Sasa jaribio, na hapa ndipo nataka mnisome kwa utulivu.

Usijaribu chaneli moja. LNB, kile kichwa kinachokaa mbele ya dishi, ile ya kawaida ya bendi ya Ku (ya madishi madogo) inapokea kuanzia gigahezi 10.7 hadi 12.75, na eneo hilo limegawanywa bendi mbili, ya chini na ya juu, zikipakana kwenye 11.7. Kila bendi ina mawimbi ya wima na ya mlalo. Jumla ni makundi manne, na ni king'amuzi kinachoiambia LNB ilete lipi. Kinafanya hivyo kupitia kebo ileile: kikipeleka volti 13 LNB inaleta wima, kikipeleka volti 18 inaleta mlalo, kikiongeza toni ya kilohezi 22 inahamia bendi ya juu, kikiiondoa inarudi ya chini. Sasa chukulia saketi ya volti imekufa nusu na inatoa 13 tu. Muuzaji anakuonesha chaneli tano nzuri, zote za wima. Wewe unafika nyumbani, nusu ya chaneli hazipo, na unaanza kuilaumu LNB yako.

Kwa hiyo omba chaneli moja kutoka kila kundi. Ukikuta kundi halipo, usimlaumu muuzaji haraka: mwombe achomeke kifaa kingine kizima kwenye kebo ileile. Kikilileta kundi hilo, ugonjwa uko kwenye unachotaka kununua. Kisipolileta, ni LNB au kebo yake.

Kama hakuna dishi mlipokutana, chukua multimita, kile kipimo cha umeme. Washa kifaa, ingia kwenye menyu uhakikishe umeme wa LNB umewashwa, kisha pima kati ya tundu la katikati la konekta ya F (pale inapofungwa kebo ya dishi) na mwili wake wa nje. Chagua chaneli ya wima, soma. Chagua ya mlalo, soma. Namba lazima iruke kutoka karibu na 13 kwenda karibu na 18. Angalia ncha za multimita zisigusane humo. Hii haitoshi kukuhakikishia tyuna, lakini inakuokoa na ugonjwa mmoja mkubwa.

Na kiache kiwake nusu saa, ikiwezekana saa nzima, kikiwa kwenye chaneli. Vifaa vingi vilivyochoka vinafanya kazi vizuri vikiwa baridi, vikipata moto picha inaanza kukatika vipande vipande. Anayekuharakisha uondoke baada ya dakika tano, ondoka kweli, bila mzigo.

Karibuni.

#2 BintiSetilaiti

Asante sana kaka kwa uzi. Nimeusoma mara mbili. Mimi namtafutia mama risiva ya chaneli za bure, anataka taarifa ya habari na vipindi vya dini, basi. Nimeona moja inauzwa, ina tundu la HDMI nyuma. Je, HDMI si ndiyo HD yenyewe? Na mama ana dishi kubwa la zamani lile la bendi ya C, itafaa au lazima ninunue risiva ya aina yake?

#3 MasafaMarefu

Dada, HDMI ni mlango wa kutokea tu. Kuna vifaa vinavyokuza picha ya kawaida na kuitoa kupitia HDMI, na televisheni yako itaandika 1080 pale juu ingawa kilichoingia ni picha ndogo. Soma kibandiko cha chini au nyuma ya boksi, au menyu ya taarifa za kifaa, utafute maneno DVB-S2 na MPEG-4 au H.264. Yakiwepo yote mawili uko salama kwa chaneli nyingi za HD. Halafu, kabla ya kulipa, fungua chaneli ya HD yenyewe uione kwa macho yako.

Kuhusu dishi la C usihangaike. Risiva haijui dishi lako ni la bendi gani. LNB ndiyo inayoshusha mawimbi hadi kati ya megahezi 950 na 2150, na hicho ndicho kinachopita kwenye kebo. Kwa bendi ya C unaingia kwenye mpangilio wa LNB unachagua 5150 badala ya ile 9750/10600 ya Ku. Risiva nyingi za wazi zina chaguo hilo. Za kampuni mara nyingi hazikuruhusu kugusa hapo.

#4 FundiMtulivu

Mleta uzi umesema vizuri. Niongeze upande wa ndani, maana vinavyoletwa mezani kwangu vingi vina ugonjwa mmoja: sehemu ya umeme.

Kapasita, vile vipipa vidogo vya mviringo vinavyohifadhi umeme, zinazeeka kwa joto. Kofia yake ya juu inatakiwa iwe bapa. Ikivimba au ikivuja majimaji ya kahawia, huyo amekwisha hata kama kifaa bado kinawaka. Dalili zake kwa mnunuzi ni hizi: kinachukua muda mrefu kuanza, kinajizima na kujiwasha, taa ya mbele inapepesa, kinakwama kwenye neno la kuanzia, au kinawaka vizuri hadi umeme wa LNB unapohitajika halafu kinazima. Hiyo ya mwisho muizingatie sana. Kifaa kisichounganishwa na dishi hakijabebeshwa mzigo. Mpe LNB ndipo utaona kama umeme wake unaweza kazi.

Habari njema ni kwamba kapasita ni kitu cha bei ndogo na fundi yeyote makini anabadilisha. Weka yenye uwezo uleule, volti sawa au zaidi ya ile ya mwanzo, na ile ya kuhimili nyuzi 105. Kwa hiyo king'amuzi chenye kapasita zilizovimba si cha kukimbia moja kwa moja. Ni cha kupunguziwa bei.

Ombi langu kwa wasio mafundi: msifungue boksi lenye sehemu ya umeme ndani mkaanza kugusa. Ile kapasita kubwa upande wa waya wa ukutani, kwenye umeme wa volti 230, inabeba zaidi ya volti 300, na inaweza kubaki nazo hata baada ya kuchomoa waya. Chungulieni kwenye matundu ya hewa kwa tochi. Inatosha kabisa kuona kama kuna kilichovimba, na pua itawaambia kama kuna kilichoungua.

Kitu kingine ni konekta ya F. Ukiona kutu ya kijani humo, maji yalishuka na kebo kutoka nje yakaingia kwenye tyuna. Ukiona weusi wa kuungua kuzunguka konekta, kuna uwezekano mkubwa radi ilipita hapo. Cha radi sikishauri kwa bei yoyote. Leo utatengeneza tyuna, kesho kitakufa kitu kingine.

#5 KeboNyeusi

Naomba na sisi wauzaji tusikike. Nimeuza vingi, na mara kadhaa nimerudishiwa kifaa kilichokuwa kizima, mnunuzi ameshindwa kuelekeza dishi. Mara moja nilirudishiwa boksi ambalo si langu kabisa, linafanana kwa sura tu. Tangu siku hiyo nafanya hivi: napiga picha ya skrini yenye chaneli inayoonekana na ukurasa wa mawimbi, napiga picha ya kibandiko cha namba, na naweka alama ndogo ya kalamu chini ya boksi. Mnunuzi anaona picha hizo kabla ya kulipa. Ugomvi umepungua sana.

Na ninaandika kwenye tangazo kisichofanya kazi: kitufe cha mbele kimekufa, tundu la USB halisomi, rimoti si ya kwake. Wengine wananiambia najiharibia soko. Sioni hivyo. Anayekuja anakuja akijua, na hatujadiliani tena mlangoni.

Swali kwako mleta uzi: hiyo namba ya kifaa, niiweke wazi kwenye tangazo? Naogopa mtu asiitumie vibaya.

#6 MasafaMarefu

Nakuunga mkono kwa yote, mkuu. Namba nzima usiiweke hadharani. Ficha tarakimu chache za mwisho kwenye picha, halafu mpe mnunuzi namba kamili mkiwa mnazungumza na kampuni. Kama king'amuzi ni cha kulipia na kweli ni chako, toa kadi yako, funga akaunti au hamisha umiliki kabla hujakikabidhi. Ukiacha kwa jina lako, madeni na malalamiko yatakayofuata yatakuja kwako.

Muuzaji akumbuke pia kufuta. Rudisha mipangilio ya kiwandani, na ukiulizwa namba ya siri ambayo hujawahi kuibadilisha jaribu 0000 au 1234, ndizo za kiwandani kwenye vifaa vingi. Kama kifaa kinaunganishwa na intaneti, humo mna nywila ya Wi-Fi yako na pengine akaunti zako za video.

#7 Mlalo18

Mbona hamjagusa vile vinavyouzwa "chaneli zote zimefunguliwa"? Mimi nina kimoja mwaka wa pili huu. Nakichomeka kwenye intaneti, kinafungua karibu kila kitu. Nilikinunua kikiwa kimetumika na sijajuta. Kwa nini nimlipe mtu kila mwezi?

#8 FundiMtulivu

Ndugu yangu, nakujibu kwa heshima, maana wengi wenye vifaa kama chako huishia kwangu.

Kinachofungua chaneli hapo si boksi. Chaneli iliyofungwa ina ufunguo unaobadilika kila baada ya sekunde chache, kwa kawaida kama kumi hivi. Mahali fulani kuna mtu ana kadi halali, na seva yake inagawa funguo hizo kwa maelfu ya watu kupitia intaneti. Seva ikizimwa, au kampuni ikibadilisha kadi zake, ulichonunua kinarudi kuwa risiva ya kawaida usiku mmoja. Nimewaona watu waliolipa mara tatu ya thamani ya boksi kwa ajili ya ahadi hiyo, na aliyewauzia hapokei simu tena.

Zaidi ya hapo, katika nchi nyingi ni kosa la jinai, kwa anayeuza na pengine kwa anayetumia. Muuzaji anayekwambia hivyo mlipe thamani ya risiva tu, au mwache aende zake.

#9 Mlalo18

Nimekuelewa fundi. Sikuwa nimefikiria kwamba bei niliyolipa ilikuwa ya seva ya mtu. Sasa nisaidie: hiki changu kimeandikwa Dreambox, na kila nikijaribu kuweka programu mpya kinakwama. Nataka kukiuza. Niseme nini?

#10 FundiMtulivu

Kwanza hakikisha ni halisi. Dreambox zilitengenezwa na Dream Multimedia ya Ujerumani, na kwa sababu zilipendwa sana ziliigwa sana. Hata Vu+, chapa nyingine ya risiva za aina hiyo, iliigwa. Nyingi kati ya hizi zinatumia programu ya Linux iitwayo Enigma2, ndiyo maana zina uwezo mkubwa na ndiyo maana mwigo unaweza kuonekana sawasawa na halisi ukiwa umewaka. Mahali unapoumbuka ni kwenye kusasisha. Programu halisi inaweza kukataa kuanza kwenye boksi la kuiga, na mwenye boksi anabaki na kifaa kilichokwama.

Usijaribu tena kwa kubahatisha. Boksi la aina hii linaweza kufufuliwa kupitia tundu la RS-232 au USB kutegemea toleo, lakini lazima ipatikane programu iliyoandaliwa kwa toleo lako haswa. Na ukiliuza, andika kwenye tangazo kwamba ni mwigo, na taja toleo la programu iliyomo. Kuna wanaotafuta mwigo kwa bei ya mwigo.

#11 KeboNyeusi

Kwa wanaonunua zile za kurekodi: diski iliyomo ndani isikuongezee bei sana. Diski ndiyo sehemu inayochoka kuliko zote, inazunguka mchana kutwa hata kama hurekodi, kwa sababu nyingi zinahifadhi matangazo yanayoendelea ili mtu aweze kusimamisha na kurudisha nyuma. Weka sikio juu ya boksi. Mlio wa tik tik unaojirudia ni diski inayokufa. Rekodi jambo moja la dakika kumi, kisha lirudie mwanzo hadi mwisho.

Na kwa wanaouza: vipindi ulivyorekodi kutoka chaneli za kulipia huwa vimefungwa kwa boksi hilohilo. Ukitoa diski ukaiweka kwenye kompyuta hutaviona. Usimwahidi mtu kwamba atavihamisha.

Rimoti nayo. Kuna maboksi hayana kitufe cha menyu mbele, bila rimoti huwezi hata kutafuta chaneli. Rimoti za kuiga zipo, ila jaribu vitufe vyote vinne vya mishale na cha OK kabla hujaondoka.

#12 BintiSetilaiti

Wakuu nimerudi na majibu. Nilikwenda kuiona ile risiva leo mchana, nikiwa na karatasi niliyoandika kutoka kwenye uzi huu. Muuzaji alikuwa mzee mmoja mstaarabu, ana dishi lake juu ya paa, akanikaribisha nijaribu ninavyotaka.

Kibandiko kimeandikwa DVB-S2 na MPEG-4. Chaneli za wima zikaja zote, bendi ya chini na ya juu, ubora juu ya 70. Za mlalo, hata moja. Mzee akasema hajawahi kuziona tangu aanze kuitumia, alidhani hazipo hewani siku hizi. Nikamwomba tuchomeke ile anayotumia ndani. Za mlalo zikaja palepale kwa kebo ileile.

Ina maana risiva ndiyo mbovu, siyo LNB, si ndiyo? Sikununua, nilimwambia nitauliza kwanza. Yeye mwenyewe alishangaa, na nina hakika hakunificha kitu.

#13 MasafaMarefu

Ndiyo dada, umepima sawasawa. Inatoa 13 na haipandi hadi 18. Na umefanya vyema kutomtuhumu, wengi hawajui kabisa.

#14 FundiMtulivu

Dada, mwambie mzee awasiliane na fundi aliye karibu naye. Mara nyingi ni chipu moja inayopanga volti za LNB, au kapasita inayoisaidia. Kama tyuna inakamata bendi zote mbili za wima kwa ubora wa juu ya 70, basi sikio na jicho ni vizima. Mimi ningeichukua kwa bei ya mbovu nikaitengeneza. Wewe kama huna fundi wa kuaminika, subiri nyingine.

Ila kabla hujaamua, zile chaneli anazotaka mama ziko upande gani? Angalia orodha ya masafa yake, kila moja ina herufi V au H. Na kwa kuwa dishi lake ni la bendi ya C, angalia pia kama LNB yake inabadilisha kwa volti, maana nyingi za C nazo hutumia 13 na 18 vilevile.

#15 BintiSetilaiti

Nimeangalia, fundi. Habari ni H. Vipindi vya dini viwili ni V, kimoja H. Kwa hiyo hapana.

Nimempigia mzee nikamweleza ulivyosema kuhusu chipu. Amefurahi, kesho anaipeleka kwa fundi, na amesema ikipona ataniita nije niijaribu tena makundi yote manne mbele yake. Nimemwambia nitakuja na multimita ya kaka yangu.